Wikiendi ya mchuuzi kwenye tamasha na mnada wa mji mdogo, Dodoma na Kanda ya Kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mchuuzi wa meza moja au turubai moja, anayeondoka Dodoma mjini Ijumaa na mali yake kwenda kuuza Jumamosi na Jumapili kwenye tamasha, gulio au mnada wa miji kama Kongwa, Kibaigwa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni, Chamwino au Kondoa. Kiasi cha pesa kilichotajwa kwenye hesabu ni cha mfano. Weka bei zako mwenyewe uone kinachobaki.

Siku mbili za tamasha zina saa ngapi za kuuza kweli?

Tisa au kumi hivi. Hizo nyingine ni za kukaa na mali.

Jumamosi watu wa vijiji vya jirani huanza kufika saa nne asubuhi. Mwanzoni wanazunguka tu, wanashika, wanauliza bei, wanaondoka. Pesa hutoka kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, kwa sababu wanaotoka mbali wanataka kuwahi gari la kurudi. Baada ya hapo jua linawaka na kiwanja kinapoa. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku wanakuja watu wa mji wenyewe: vijana, wafanyakazi, mama na watoto. Hawa wananunua chakula, vitu vya mapambo na nguo moja moja. Hawabebi ndoo na masufuria gizani.

Jumapili kwenye miji ya Wagogo usihangaike kupanga mali saa moja asubuhi. Watu wako kanisani, na pesa inakuja ibada ikiisha, kuanzia saa sita au saa saba mpaka saa kumi. Kondoa ni tofauti: Warangi wengi ni Waislamu, kwa hiyo Jumapili asubuhi inauza kama asubuhi nyingine, na kinachopungua ni Ijumaa mchana wakati wa swala.

Majibu mengine yote hapa yanazizunguka saa hizi chache. Mchuuzi anayefika Jumamosi saa nne na kuanza kutafuta nafasi, miti na chenji ameshakula tatu kati yake.

Nitajuaje kama tamasha linafaa kuliendea?

Usimuulize mwandaaji atapata watu wangapi, maana kila mmoja atakwambia maelfu. Uliza mambo haya matatu. Kwanza, je, siku hiyo kuna mnada wa mifugo au hakuna? Penye mnada wa ng'ombe na mbuzi kuna watu waliouza kitu asubuhi na wana noti mfukoni kufikia saa sita. Ndiyo siri ya Msalato, ambako mnada wa Jumamosi unajulikana kwa nyama choma kiasi kwamba watu wa Dodoma mjini wanakwenda kula tu hata kama hawana haja na mbuzi. Pili, je, kuna mnada mwingine jirani siku hiyohiyo? Minada mingine huenda kwa siku ya wiki na mingine kwa tarehe ya mwezi, hivyo inaweza kugongana bila mtu kukusudia. Tatu, magari ya abiria yanashusha watu wapi? Jibu la swali hilo utalihitaji kwenye kuchagua nafasi.

Tamasha la ngoma peke yake, bila mnada wala sherehe ya kidini, lina watu wengi na pesa kidogo. Muheme, ngoma ya Wagogo, ukianza kupigwa, wateja wote wanahama kwenda kuzunguka wachezaji na meza yako inabaki na watoto. Wauza maji, karanga, ubuyu na miwani ya jua hufanya vizuri hapo. Muuza masufuria aende kwingine.

Msimu gani una pesa?

Mei hadi Agosti, baada ya mavuno ya mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti. Sehemu za zabibu kuna mavuno mawili, la Februari na Machi na la Agosti na Septemba, kwa hiyo vijiji hivyo vina pesa hata wakati wengine wanapalilia. Desemba hadi Machi ni kipindi kigumu: mvua, shamba, akiba imeisha. Anayekwenda wakati huo apeleke majembe, mabuti ya mpira, miamvuli na vitu vya buku moja. Mapema Januari na mwishoni mwa Juni shule zinakaribia kufunguliwa, hivyo peleka madaftari, soksi, viatu vyeusi na mabegi. Juni na Julai usiku ni wa baridi kweli, na mtu aliyetoka nyumbani na fulana mchana atanunua sweta saa moja usiku bila kubishana sana.

Nianzie ofisi gani kupata kibali na nafasi?

Mnada wa kawaida uko chini ya halmashauri. Unafika, unapewa au unachagua nafasi, mkusanyaji anakuja na mashine ya POS, unalipa ushuru wa siku, unapewa risiti. Tamasha lina kamati, na kamati ndiyo inayogawa nafasi. Anzia kwa mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa, umuulize ni nani hasa anayepokea pesa ya nafasi, kwa sababu hapa ndipo wachuuzi hulipa mara mbili: mara moja kwa mtu aliyejitia kuwa wa kamati, mara ya pili kwa mwenye kitabu cha risiti.

Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na baadaye vikaja vya kidijitali. Tembea nacho, lakini usitegemee kwamba kinakupa nafasi kwenye kiwanja chenye kamati yake. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Risiti ya POS ni karatasi inayochapwa kwa joto. Ukiiacha mezani juani, kufikia jioni imekuwa nyeusi au maandishi yamefutika, na Jumapili anakuja mkusanyaji mwingine ambaye hakukuona jana. Ipige picha kwa simu palepale ulipoipokea, halafu iweke mahali penye kivuli.

Nafasi ipi ni nzuri?

Iliyo kwenye njia ya kutokea. Wengi hugombea karibu na jukwaa au lango la kuingilia, lakini anayeingia bado anataka kuona vyote kabla ya kufungua pochi. Anayetoka kuelekea stendi ameshaamua, na hataki kurudi nyuma.

Angalia pia upepo unatoka wapi na wachoma nyama wako wapi. Nguo zikikaa upande moshi unakoelekea zinanuka mbuzi kufikia saa nane. Kaa upande jua la mchana litakuwa mgongoni mwa mteja au juu ya turubai, lisiwe machoni mwake. Na usikubali kukaa pembeni ya wacheza karata tatu hata kama nafasi ni ya bure: wanaleta kundi, kundi linaleta vibaka, na ugomvi ukianza meza ya kwanza kupinduliwa ni yako.

Nibebe mali gani na kiasi gani?

Aina chache, kila aina kwa wingi. Meza yenye aina thelathini za vitu viwili viwili inaonekana kama duka linalofungwa. Chukua aina tano au sita zinazoshabihiana, na moja kati ya hizo iwe ya bei ndogo sana ya kuvuta watu: vibanio, soksi, vijiko, leso. Bango la karatasi ngumu lenye maneno makubwa "JERO JERO" au "KILA KITU BUKU" linafanya kazi kuliko spika. Spika ya kurekodi sauti inachosha jirani, na jirani ndiye unayemtegemea akulindie meza ukienda chooni.

Kwa kandambili na viatu vya wazi vya watu wazima, namba zinazotoka haraka ni za katikati. Ukikosa hizo, Jumapili utabaki na vidogo na vikubwa tu. Kwenye kila pea kumi na mbili beba nyingi za katikati na moja moja za pembeni.

Vyombo vya plastiki vyepesi vinajaza gari kabla havijajaza pesa. Pakia kwa kuviingiza kimoja ndani ya kingine, na ndoo zijazwe mali nyingine ndani: sahani, vikombe, nguo.

Nifungue belo la mitumba nyumbani au palepale kiwanjani?

Kufungua kiwanjani kunaita watu kweli. Mtu akiona kamba zinakatwa anakimbia, kwa sababu anajua bado hapajachaguliwa. Lakini unahitaji watu watatu: mmoja wa kuuza, mmoja wa kupokea pesa, mmoja wa kutazama mikono. Ukiwa peke yako, fungua nyumbani Alhamisi.

Hesabu ya mfano. Belo la kilo 45 la blauzi umelinunua 400,000 na lina nguo 180, yaani wastani wa shilingi 2,222 kwa nguo. Ukichambua unapata daraja la kwanza 40 za kuuza 6,000, daraja la pili 80 za 3,000, na 60 za fungu kwa 1,000. Jumla ni 240,000 na 240,000 na 60,000, yaani 540,000. Faida ya 140,000 yote iko kwenye zile 40 za juu. Ukiwaruhusu marafiki na majirani wachague Alhamisi jioni kwa bei ya undugu, umewapa faida ya belo zima na wewe unasafiri na daraja la pili na fungu.

Udongo mwekundu wa Dodoma hautoki kirahisi kwenye nguo nyeupe. Nyeupe zitundikwe kwenye henga, zisiwekwe chini hata juu ya turubai, na zile nzuri zaidi zikae ndani ya nailoni ya kuangaza mpaka mteja aombe.

Usafiri: basi au kirikuu?

Kwa viroba viwili, buti la basi linatosha. Zaidi ya hapo, wachuuzi watatu au wanne wachangie kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo. Gari hilo limetengenezwa kubeba takribani kilo 350. Watu hupakia zaidi, halafu springi zinakatika kwenye njia ya changarawe kilomita ishirini kabla ya kufika. Kongwa, Bahi na Chamwino ni safari fupi. Mpwapwa, Manyoni na Kondoa zote zinazidi kilomita 100 kutoka Dodoma mjini, kwa hiyo huko nenda Ijumaa na ulale.

Patana bei ya kwenda na kurudi pamoja, na ulipe sehemu ya kurudi mkirudi. Jumapili saa kumi na moja kila mchuuzi anatafuta gari, na dereva anayejua hilo atataja bei anayotaka. Viroba vyako viandike jina kwa kalamu ya rangi pande mbili, maana viroba vyote vya rangi ya bluu na nyekundu vinafanana vikiwa juu ya gari usiku.

Upepo wa Dodoma nitauwezaje?

Hili ndilo linaloharibu wikiendi nyingi kuliko ukosefu wa wateja. Kati ya Juni na Oktoba upepo hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Asubuhi ni shwari, mtu anasimamisha hema lake kwa kamba mbili, anaridhika. Jua likishapanda upepo unaamka, na mchana vinapita vile vimbunga vidogo vya vumbi vinavyonyanyua turubai wima.

Hema la mita 3 kwa 3 linahitaji uzito kwenye kila mguu. Jerikeni la lita 20 likijazwa maji lina kilo 20, na hilo ndilo pungufu kabisa. Kwa siku ya upepo weka mawili kila mguu au kiroba cha mchanga cha kilo 25 juu ya jerikeni. Lifungwe kwenye mguu kwa kamba fupi isiyolegea. Jerikeni linaloning'inia linageuka nyundo na kugonga meza.

Kama ardhi inakubali kupigiliwa vigingi, tumia vipande vya nondo vya milimita 12 vyenye urefu wa sentimita 50 hadi 60. Vipigiliwe vikiwa vimelalia nje, kichwa kikielekea mbali na hema, na viingie angalau theluthi mbili. Ukivipigilia wima au vikielekea hema, kamba inavichomoa kama msumari. Kati ya kamba na nondo weka kipande cha tyubu ya baiskeli cha urefu wa kiganja. Kinavutika upepo unapopiga, na hivyo kamba haikatiki wala turubai halichaniki.

Yale matundu ya chuma kwenye kona za turubai ndiyo ya kwanza kung'oka. Njia bora ni hii: chukua jiwe laini la ukubwa wa yai, liweke ndani ya kona ya turubai, likunje turubai lilifunike kabisa, halafu funga kamba kwenye shingo iliyojitokeza chini ya jiwe. Mvutano unagawanyika kwenye kitambaa chote, na kona hiyo itadumu hata turubai likiwa la bei rahisi.

Upande upepo unakotoka shusha turubai liwe chini kuliko upande mwingine, lakini usizibe pande zote. Hema lililozibwa pande tatu linameza upepo na kuruka. Acha mwanya wa kupitisha. Na kama kuna dalili ya kimbunga kinakuja moja kwa moja, usishike miguu ya hema kwa mikono: legeza turubai upande mmoja lianguke juu ya mali. Utakung'uta vumbi, lakini chuma hakitampiga mtoto wa mtu.

Nibebe chenji kiasi gani?

85,000 zinatosha meza moja ya vitu vya kati ya 500 na 10,000, zikiwa zimegawanywa hivi: sarafu za 500 arobaini, za 200 hamsini, za 100 hamsini, noti za 1,000 thelathini, noti za 2,000 kumi. Zitafute Alhamisi, usisubiri Ijumaa jioni. Wateja wa kwanza Jumamosi wote wana noti ya 10,000, hasa waliouza mifugo, na ukimwambia mtu "zunguka ukachenji" amekwenda kununua kwa jirani.

Punguza haja ya chenji kwa kupanga bei. Kitu cha 900 kinakupotezea sarafu na muda. Kifanye 1,000, au viwili kwa 1,500.

Angalia pia noti za zamani. Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya 500 ya 2010, na mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa 5 Aprili 2025. Bado kuna bibi na babu wanaozitoa kwenye masanduku, wala si matapeli. Zirudishe kwa heshima na umweleze, usimpigie kelele mbele za watu.

Malipo ya simu ni salama?

Ni salama ukiangalia salio, si ujumbe. Ujumbe wa kweli unaingia kwa jina la huduma. Ule wa uongo mara nyingi unatoka kwenye namba ya kawaida, umeandikwa kwa haraka, na salio lililotajwa halilingani na la kwako. Piga *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx (zamani Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money au *150*88# kwa HaloPesa, tazama, halafu ndiyo umpe mteja mzigo. Kwenye tamasha mtandao unajaa kuanzia saa sita, kwa hiyo ujumbe unaweza kuchelewa dakika kumi. Mwambie mteja asubiri akiwa amekaa, mpe kiti.

Akija mtu anayesema "nimekutumia kimakosa, nirudishie," mwelekeze apige huduma kwa wateja ya mtandao wake. Usirudishe kwa mkono wako.

Bandika namba ya kulipia mbele ya meza kwa herufi kubwa pamoja na jina litakalotokea, ili mteja asikatishwe tamaa akiona jina asilolijua.

Kupatana bei kunakwendaje huku?

Kwa salamu kwanza. Kwa wazee ni shikamoo kabla ya chochote, na ukiweza kusema "mbukwenyi" kwa kundi la Wagogo wanaofika mezani utaona nyuso zinavyobadilika. Hapo hujauza bado, ila wamesimama.

Kitu cha kuuza 5,000 anzia 6,500 au 7,000. Ukianzia 12,000 mteja wa mji mdogo hapatani, anaondoka na kuwaambia wenzake kuwa wewe ni wa Dodoma mjini. Mama akishika nguo mara ya pili na kuigeuza kuangalia mshono, ameshaipenda. Usiseme neno, mwache yeye ataje. Akitaja 4,000, mwambie, "Ongeza kidogo shangazi, tusikosane," halafu malizaneni kwenye 5,000.

Nataka kuuza chakula. Nini hasa cha kujua?

Wauza chakula wanapaswa kupima afya kila miezi sita na kuwa na cheti, na afisa afya huja siku ya tamasha hasa kwa sababu kuna watu wengi. Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi, na uwe na risiti ya buchani. Kondoa watakuuliza nani amechinja. Uwe na jibu.

Maji: lita 60 kwa siku kwa meza moja ya chakula, nje ya yale ya kupikia. Ishirini za kunawa mikono kwenye ndoo yenye koki, arobaini za kuosha vyombo kwa beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Miji mingi ya kanda hii maji yanatoka kwa mgao, hivyo jaza Ijumaa usiku.

Mishikaki: kilo moja ya nyama isiyo na mfupa inatoa vijiti 20 vya gramu 50 kila kimoja ikiwa mbichi. Kama nyama ni 12,000, kila kijiti kina nyama ya 600 kabla ya viungo, mkaa na kijiti chenyewe, kwa hiyo ukiuza 700 unajichosha bure. Chipsi: kilo moja ya viazi ikimenywa inabaki takribani gramu 800, na inatoa sahani mbili kubwa au tatu ndogo. Viazi vilivyokatwa vikae ndani ya maji, lakini vikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuingia kwenye karai. Maji yakiingia kwenye mafuta, mafuta yanapanda na kumwagika kwenye moto. Mafuta yakianza kutoa povu na moshi kabla chipsi hazijaiva, yamekwisha. Kuongeza mapya juu yake hakuyaponyi.

Kachumbari ikatwe kidogo kidogo kuanzia saa tano, si beseni zima saa mbili asubuhi. Wali na mchuzi uliobaki Jumamosi usiurudishe mezani Jumapili. Mtu akiumwa tumbo kwenye mji mdogo habari inafika stendi kabla yako.

Mifuko ya plastiki na mizani?

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Beba ile mbadala, na gharama yake iingie kwenye bei. Mizani inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwa na alama ya mwaka husika. Kama unauza karanga au ubuyu kwa kopo, hakikisha kopo halijabonyezwa kitako. Wateja wanalijua hilo kuliko unavyodhani.

Wizi?

Wanakuja watatu au wanne pamoja, wote wanauliza bei kwa wakati mmoja, mmoja ana kitenge kipana mkononi. Dawa ni kutojibu zaidi ya mtu mmoja kwa wakati na kuzungumza huku mkono wako uko juu ya mali. Pesa isikae kwenye kopo mezani: chenji kwenye mkoba wa kiunoni, na kila mauzo yakifika 50,000 zihamishie mahali pengine mwilini au zitume kwa wakala. Simu usiichaji mbali na macho yako.

Usiku mali inalala wapi?

Kama kuna stoo ya kukodi, hesabu viroba mbele ya mwenye stoo na uandike. Kama ni mlinzi wa pamoja, lipeni nusu jioni na nusu asubuhi. Gesti hujaa Ijumaa, kwa hiyo piga simu Jumatano.

Kwa mwanga wa jioni, betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ikitumika nusu tu, ili isife mapema, inawasha balbu ya LED ya wati 5 kwa takribani saa nane. Inatosha siku mbili za jioni. Hiyo ni afadhali kuliko waya wa kuungaunga kutoka kwa jirani uliopitishwa chini ambapo watu wanakanyaga. Taa nyeupe kwa nguo, ya njano kwa chakula.

Mvua ikinyesha?

Funika, ngoja. Ikizidi saa moja kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, panga kuondoka kabla gari halijanasa.

Nitajuaje kama nimepata faida?

Wengi huhesabu pesa iliyoko mfukoni Jumapili usiku na kuiita faida. Fanya hivi. Tuseme umeuza 630,000, na mali uliyouza uliinunua 420,000. Umebaki na 210,000. Toa usafiri 50,000, ushuru na nafasi 15,000, msaidizi 30,000, chakula chako 16,000, mifuko 6,000, mlinzi 5,000, maji na choo 3,000. Hizo ni 125,000. Imebaki 85,000. Toa na mali iliyovunjika au kuchafuka, tuseme 10,000. Una 75,000 kwa siku tatu za kazi, ukihesabu na Ijumaa.

Kwa mfano huohuo, theluthi moja ya kila unachouza ndiyo yako. Gharama zikiwa 125,000, ni lazima uuze 375,000 kabla hujapata hata shilingi moja. Iandike namba hiyo kwenye karatasi na uiweke mkobani. Jumamosi saa nane mchana ukiwa bado uko 90,000, unajua mapema kwamba hiyo ni safari ya kubana matumizi, na msaidizi wa Jumapili hahitajiki.

Jumapili jioni nishushe bei au nirudi na mali?

Inategemea mali. Sufuria litauzika wiki ijayo mahali pengine kwa bei ileile, kwa hiyo usilitupe. Fungu la mitumba na chochote cha msimu, kama sweta mwishoni mwa Agosti, uza kwa bei ya kununulia kuanzia saa tisa, na utangaze kwa sauti. Usianze kushusha mapema, maana wateja wa mji mdogo wanajua mchezo huo na watakaa wakikusubiri.

Kabla ya kufunga viroba, panga viatu vyote vilivyobaki na ufunge kila pea kwa uzi. Watu hujaribu namba tofauti kila mguu, wanavirudisha ovyo, na ukipakia gizani bila kukagua utafika Dodoma na kushoto 38 na kulia 40, mwenzake akiwa amebaki kiwanjani chini ya vumbi.